Makundi ya WhatsApp yamepoteza nafsi ya pili

Huku kwetu Kanduyi, mtu akifariki alfajiri, kundi la WhatsApp la mazishi yake huwa limeundwa kabla ya adhuhuri. Humo huingizwa jamaa, majirani, aliosoma nao, waumini wenzake, wahudumu wa bodaboda wa pale makutano na mpwa aliyeko Qatar. Kufikia jioni wanakundi wamepita mia mbili. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiyasoma makundi haya jinsi wenzangu wanavyosoma riwaya, yaani kama matini yenye umbo, sauti na kaida zake. Leo nataka kuyahakiki, kwa sababu kadiri ninavyoyasoma ndivyo ninavyozidi kushuku kwamba humo watu wengi wanaandika ila wachache mno wanazungumza.

Kabla ya kuendelea, niondoe kwanza lawama ambayo walimu wenzangu wa Kiswahili hupenda kuitoa. Husema mitandao imeharibu lugha kwa sababu vijana wanaandika "xaxa" badala ya "sasa", wanakata irabu, wanachanganya Sheng na Lubukusu na Kiingereza katika sentensi moja. Sikubaliani nao hata kidogo. Tahajia ni jambo la kusahihishwa darasani, na mtu anayeandika "pole xana" bado anampa mwenzake pole. Ukitaka kuona mazungumzo hai, nenda katika makundi ya hao hao vijana wasioheshimu irabu. Wanaulizana, wanataniana, mmoja akirusha neno mwingine analidaka. Ugonjwa ninaouzungumzia uko zaidi kwetu sisi watu wazima tunaoandika Kiswahili kilichonyooka.

Chukua sentensi hii, ambayo msomaji wangu bila shaka amewahi kuiona, au hata kuituma: "Poleni sana kwa familia. Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi." Nitaanza na sehemu ya kwanza. Neno "pole" katika Kiswahili halitangazwi hewani. Huambiwa mtu. Wakiwa wengi tunaongeza kiambishi -ni, kile kile kilichomo katika "njooni" na "ketini", na kazi yake ni kuonyesha kwamba unaosema nao wako mbele yako na ni zaidi ya mmoja. Sasa tazama tunachofanya. Tunasema "poleni", tukiwatazama usoni, kisha papo hapo tunaongeza "kwa familia", kana kwamba watu hao wako mbali na tunawatumia kifurushi kwa matatu. Sentensi imeanza katika nafsi ya pili na kumalizikia katika nafsi ya tatu. Na hiyo familia iko wapi? Imo humo humo kundini! Mjane ni wa tatu katika orodha ya wanakundi, na simu iko mkononi mwake.

Kuhusu sehemu ya pili ya sentensi, kuna mjadala wa miaka nenda miaka rudi kama Mungu "huilaza" roho au "huiweka", na kama roho hulala. Mjadala huo una utamu wake lakini mimi sioni tatizo katika fomyula yenyewe. Binadamu anapofikiwa na msiba huhitaji maneno yaliyokwisha kutayarishwa, maana yake mwenyewe humkwama kooni. Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alieleza kwamba kuna maneno ambayo kazi yake si kupasha habari bali kuunganisha watu: salamu, mazungumzo ya hali ya hewa, kuulizana habari za nyumbani. "Mulembe" ya Kibukusu ni ya aina hiyo. Haimwambii mtu jambo jipya, lakini jaribu kumpita mzee njiani bila kuitamka uone utakavyosemwa.

Ila "mulembe" hujibiwa, na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Wanasosholojia waliochunguza mazungumzo, akina Harvey Sacks na Emanuel Schegloff, walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mazungumzo hujengwa kwa jozi: swali huita jibu, salamu huita salamu, mwaliko huita kukubali au kukataa. Nusu ya kwanza ikitoka na ya pili isije, kimya kinachofuata kina maana, na kinauma. Mswahili hakungoja miaka ya 1970 kuyajua hayo. Shikamoo ina marahaba yake, hujambo ina sijambo yake. Hodi ina karibu yake, na asiyekaribishwa hapaswi kuingia.

Sasa chunguza ni nini kinachojibiwa katika kundi la mazishi. Nitakuambia, maana nimehesabu mara nyingi: pesa. Nafula akituma shilingi 200 kwa M-Pesa, mweka hazina hakawii, "Tumepokea Nafula, Mungu akubariki." Jozi imekamilika, na ametajwa kwa jina. Kisha inakuja ile orodha ambayo kila mmoja huinakili, anaongeza jina lake na kiasi chake chini, anairudisha. Wengi huiona orodha hii kama kero inayojaza simu. Mimi nakiri, kwa mtazamo wa mhakiki, kwamba ndiyo matini iliyo hai kuliko zote kundini. Ina waandishi sabini, kila mmoja ameongeza mstari wake baada ya kusoma ya wenzake. Unaweza kuona nani kamfuata nani, nani aliongeza mia baada ya kumwona shemejiye, nani alijiandika "msamaria mwema" kwa kuona haya ya hamsini yake. Lakini yule aliyeandika, "Mzee huyu ndiye alinilipia karo ya Kidato cha Tatu," hapati hata "asante". Ujumbe wake unapandishwa juu na orodha na kupotelea huko.

Shemeji yangu alifiwa na mumewe, na ameniruhusu niyataje haya. Siku ya nne aliandika kundini swali fupi, "Kuna mtu alikuwa naye ile Alhamisi jioni?" Alitaka tu kujua saa za mwisho za mumewe zilikuwaje. Ujumbe uliofuata ulisema, "Poleni sana kwa familia." Uliofuata huo ulikuwa nambari ya kutumia mchango. Kisha mikono kumi na saba iliyokunjwa kuomba, ile emoji. Zilipita saa nne ndipo mhudumu mmoja wa bodaboda akaandika, "Mama mm ndo nlimbeba toka tao. Alikuwa anacheka 2." Nimesoma tanzia nyingi zilizoandikwa kwa Kiswahili sanifu na sijui kama nimewahi kukutana na sentensi mbili zilizofanya kazi kubwa hivyo. Angalia inavyoanza: "Mama." Kisha "mimi". Kuna anayesema na kuna anayeambiwa. Mwalimu wa tahajia na aje baadaye.

Kuna wanaoamini kwamba dawa ni kuwafanya watu wengi zaidi waseme. Mimi naona wingi wa sauti si hoja, na ushahidi wangu ni wa papa hapa. Kwa Wabukusu, mzee wa heshima akishazikwa, familia huweza kumwita bingwa wa kuswala kumuse. Watu huketi wakaacha uwanja wazi. Naye hutembea humo huku na huko, fimbo mkononi, akisimulia historia ya koo, akifariji, akionya, akikaripia walio hai. Manguliechi alivuma sana kwa sanaa hii, hata wasomi wa vyuo vikuu wakaiandikia. Ukipima kwa hesabu ya zamu za kusema, kumuse ni mazungumzo mabovu kupindukia: mtu mmoja anasema kwa saa nyingi, mamia wanasikiliza. Lakini huwezi kuondoka pale ukasema hukusemeshwa. Ukoo wako umetajwa. Wakwe wametajwa. Vijana wameambiwa lao wakiwa wameketi palepale, tena wakati mwingine lenye kuchoma.

Sitaki kuipamba sanaa hiyo kuliko inavyostahili. Ni uwanja wa wanaume: mwanamume anasema, na aghalabu ni mwanamume anayekumbukwa. Mjane huketi akasikiliza historia ya nyumba yake mwenyewe ikisimuliwa na mtu mwingine. WhatsApp imempa kitu ambacho kumuse haikumpa, yaani uwezo wa kuuliza swali lake mbele ya watu wote bila kuomba ruhusa ya wazee. Hilo si jambo dogo. Ndiyo maana kutojibiwa kwake kunaniudhi zaidi.

Wala si kweli kwamba umbali ndio unaoua mazungumzo. Jarida la Mambo Leo lilipoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923 (ndiyo, mwaka ule ule wa Malinowski), kurasa zake za ushairi zilikuja kuwa uwanja wa watu wasioonana kwa macho. Utamaduni wa kujibizana kwa mashairi ulikuwa wa kale tayari; Muyaka bin Haji aliutumia Mombasa karne ya 19, na baadaye magazeti yetu yakaurithi. Mshairi aliuliza, akangoja wiki kadhaa, akajibiwa. Anayejibu alibanwa: lazima aonyeshe kwamba amesoma, aitaje hoja ya mwenzake, na mara nyingi afuate bahari na vina vile vile. Huwezi kulijibu shairi ambalo hukulisoma. Kundi la WhatsApp unaweza kulijibu bila kusoma chochote, na hutagunduliwa.

Chombo chenyewe kina lawama yake, ingawa si yote. Tangu 2016 kinaruhusu kujibu ujumbe mahususi kwa kuushika na kuutanguliza juu ya jibu lako, na hicho ni kifaa kizuri cha kukamilisha jozi, ambacho watu wa rika langu hawakitumii. Mwaka 2022 kilileta vile vikaragosi vya kubandika juu ya ujumbe, na ukubwa wa kundi ukapanda hadi watu 1,024. Uwanja umepanuliwa na jibu limefupishwa katika mwaka mmoja. Mwaka huo huo kikaondoa tangazo lililowaambia wote kwamba fulani ameondoka. Sasa anayejua mara moja ni msimamizi. Kwetu mtu akitaka kutoka kwenye kikao husema "naomba ruhusa", na wenzake humruhusu hata kama wanajua anakimbilia mechi. Siku hizi anayeyeyuka hana wa kumuaga.

Nimebaki na kanuni za makundi, zile zinazobandikwa kila Jumatatu. Zisome kama mwanasarufi. "Hakuna siasa." "Usitume video." "Ni marufuku kusambaza habari zisizothibitishwa." "Usiandike baada ya saa nne usiku." Karibu zote ni ukanushi. Ninazielewa, kila aliyeishi kampeni za uchaguzi Kenya anajua kundi la familia linavyoweza kugeuka uwanja wa matusi. Lakini sijaona hata moja inayosema, "Anayeuliza swali ajibiwe." Au, "Mgeni akiingia, aliyemleta amtambulishe." Kikao chochote cha kijiji kina desturi hizo, na hakuna aliyewahi kuziandika.

Pengine kosa limo katika jina tulilompa anayesimamia. Wengi humwita "admini". Wapenda usanifu wakamwita "msimamizi", neno linalonikumbusha mtihani wa kitaifa: mtu anayezunguka kati ya madawati akihakikisha hakuna anayeongea na jirani yake. Ndivyo wengi wao wanavyofanya kazi hiyo, haki ya Mungu. Mimi ningependekeza "mwenyeji". Mwenyeji ndiye husikia hodi. Hujua nani kaketi na nani bado amesimama mlangoni, na mgeni akisema jambo halafu nyumba nzima ikanyamaza, yeye ndiye hugeuka na kumwambia, "Ehe, tunakusikia, endelea." Nimelipeleka pendekezo hilo katika kundi moja la walimu wa Kiswahili la kaunti hii, nikaeleza sababu zangu kwa aya mbili. Limepata vidole gumba ishirini na sita.