Maji, Neno na Mwanga: Jukwaa la "Kinjeketile"

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini, upande wa Kilwa na Lindi, ilichapishwa mwaka 1969. Tangu hapo imejadiliwa mno kama maandishi. Jukwaa lake halikupewa uzito uo huo. Katika makala haya twadai kwamba mpango wa mandhari na uelekezaji wa taa ndio unaoamua kama watazamaji wataipokea tanzia au hotuba tu.

Historia yenyewe yajulikana. Huko Ngarambe, Kinjeketile Ngwale aligawa dawa iliyoaminika kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwaka 1905 vita vilianzia Nandete, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, watu walipoing'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Yeye alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita viliendelea hadi 1907.

Tamthilia yatupeleka nyumbani kwa Kitunda, mtoni, kwenye mazoezi ya vita, na mwishowe gerezani. Anayejenga kila mahali upya na kushusha pazia kila mara huukata mwendo wake. Nguzo chache na mkeka mmoja zatosha. Nguzo za nyumba, zikimulikwa kutoka nyuma hata vivuli vyake vikalala sakafuni, huwa nondo za gereza. Mageuzi hayo yana maana: nyumba ya mtu anayelimishwa kwa kiboko ilikwisha kuwa gereza kabla mlango haujafungwa.

Mto ni mtihani mkubwa zaidi. Wazee wa Umatumbi walisimulia kwamba Kinjeketile alizama, akaibuka kesho yake nguo zikiwa kavu. Kitambaa cha buluu kipepeacho na taa za kumetameta humlazimisha mtazamaji ama aamini ama acheke, na vyote viwili huiua tanzia. Twapendekeza mto uachwe gizani, mwanga uangukie nyuso za wanaongoja ukingoni.

Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 yafundisha kwamba katika ubatizo si maji tu yatendayo, bali Neno la Mungu lililo pamoja nayo. Kinjeketile wa Hussein afikapo gerezani ameyatilia shaka maji yake, lakini akataa kuyakana mbele ya waliomfunga, kwa kuwa neno limekwisha kuzaliwa. Ni neno la nani? La Mungu, au la watu wenye kiu ya uhuru? Wengi walioipokea dawa ile walianguka mbele ya bunduki. Kwa hiyo hatuikubali taa moja ya mwisho inayomzungushia uso nuru kama mtakatifu, maana humjibia mtazamaji swali ambalo mwandishi ameliacha wazi. Mwanga na ubaki sawasawa juu yake, juu ya askari na juu ya mkeka mtupu, kisha uzimwe.

Wachungaji na wanafunzi waandaao michezo ya Pasaka kwa taa mbili tatu wana la kujifunza hapa. Kaburi na liachwe gizani. Wamulikwe wanawake waliofika alfajiri.