Amana ya Wiki Nane

Wako mafundi ambao kazi yao husifiwa papo hapo imalizikapo, mbele ya macho yao wenyewe, na wako wengine ambao kazi yao hutoka mlangoni ingali changa, ikaenda kukamilika katika nyumba za watu, na sifa yake ikawaangukia hao. Mfugaji wa mbwa wa nasaba ya golden retriever, yaani yule anayewazalisha nyumbani kwake shamba, majike wawili watatu wanaolala jikoni karibu na aila yake, wala si mwenye mabanda ya biashara, ni wa kundi hili la pili. Nataka kumsifu kwa moyo wangu wote, maana naitakidi kwamba katika fani za malezi hii ni mojawapo ya zile zinazodai uaminifu mwingi: kiumbe hukaa mikononi mwake kwa muda wa wiki nane tu, na katika wiki hizo hutiwa msingi wa hulka ambayo mtu mwingine ataishi nayo kwa miaka kumi au zaidi.

Msomaji wa pwani yetu huenda akauliza kwa nini kalamu ishughulishwe na mbwa. Kwa wengi wetu mbwa ni mlinzi wa uani, na fikihi imetufundisha kujihadhari na mate yake, jambo ambalo naliheshimu. Walakini Kurani imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, ikamtaja mbwa wa Watu wa Pangoni pamoja na mabwana zake, na Hadithi imesimulia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, na kwa tendo hilo akasamehewa dhambi zake. Ihsani kwa kiumbe huyu, basi, si jambo geni katika adabu zetu, hata ikiwa desturi ya kumlaza jikoni ni ya watu wa nchi nyingine.

Asili ya golden retriever ni Uskoti, katika milima ya Inverness-shire, kwenye milki iitwayo Guisachan, iliyokuwa mali ya Dudley Marjoribanks, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Tweedmouth. Mwaka 1865 bwana huyu alimpata huko Brighton dume wa rangi ya manjano aliyeitwa Nous; na mwaka 1868 Nous akapandishwa kwa Belle, jike wa aina ya mbwa wa maji wa mto Tweed ambayo sasa imetoweka, wakazaliwa vilebu wa manjano waliopewa majina ya maua: Crocus, Cowslip na Primrose. Kwa muda mrefu watu walisadiki hekaya ya kuwa mbwa hawa walitokana na mbwa wa Kirusi waliokuwa wakicheza sarakasi, na hekaya hiyo ilidumu mpaka mwaka 1952, yaliyomo katika daftari la mbwa wa Guisachan yalipochapishwa na kila mtu akaona nani alizaa na nani. Alichokitaka Marjoribanks ni mbwa wa kumwendea ndege aliyepigwa risasi, katika maji baridi na katika vichaka, akamleta kwa kinywa laini bila ya kumtoboa ngozi, kisha akamkabidhi mwindaji kwa hiari yake. Upole ambao leo tunauona kuwa ni maumbile ya mbwa huyu ulichaguliwa kizazi baada ya kizazi, na anayefuga leo bila ya kuuchagua tena atauona ukimponyoka.

Wasiojua hudhani kwamba kazi huanza siku ya kuzaliwa. Nimepata kukaa kwa mama mmoja wa mashamba ya Uskoti afanyaye kazi hii, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa si mtu wa kutafuta jina, nami nikaona ya kuwa kwake huanza zamani sana kabla ya hapo, katika chumba cha eksirei. Golden retriever, pamoja na uzuri wake wote, amerithi maradhi: nyonga zisizokaa sawasawa katika vikombe vyake, viwiko vyenye kasoro, macho yanayopofuka taratibu, na moyo ambao njia yake ya damu imebana. Huko kwao mbwa akishatimiza mwaka hupigwa picha, na kila nyonga ikapewa alama kuanzia 0 mpaka 53, na kadiri alama zinavyokuwa chache ndivyo kiungo kilivyo kizima. Jike mwenye alama nyingi hapandishwi, hata awe na sura ya kushinda mashindano yote. Saratani, ambayo huwaua wengi wa mbwa hawa, bado haina kipimo cha kuibashiri, na kwa sababu hiyo taasisi ya Morris Animal Foundation ya Marekani ilianza mwaka 2012 kuwaandikisha golden retriever, wakapatikana zaidi ya 3,000, ili iwafuatilie maisha yao yote na kutafuta chanzo. Mama huyu huwaeleza wanunuzi habari za saratani kabla hawajauliza bei, na kwa jambo hilo peke yake ningemheshimu.

Mimba ya mbwa ni siku 63 au karibu na hapo. Siku zikikaribia, sanduku la kuzalia huwekwa pembeni mwa jiko, pana kiasi cha jike kujinyosha, na kuta zake za ndani hupigiliwa upao kote, juu kidogo kutoka chini, ili kilebu akibanwa kati ya mgongo wa mama na ukuta apate pa kujificha asikandamizwe. Joto la jike hupimwa asubuhi na jioni. Likishuka chini ya digrii 37.2, mfugaji hujua ya kuwa uchungu utakuja ndani ya siku moja, naye huandaa taulo, mizani, mkasi uliochemshwa na nambari ya simu ya tabibu wa wanyama, kisha akaketi. Kuketi huko ni sehemu ya ufundi. Jike mzima hujua la kufanya: hupasua kwa meno ngozi iliyomvika mtoto, hukata kitovu, humramba kwa nguvu mpaka asikie sauti, na mkunga mwenye pupa huvuruga tu. Lakini usiku mmoja nilimwona jike, akiwa amechoka baada ya kuzaa wengi, akimwacha wa mwisho katika ngozi yake bila ya kumgusa. Na kabla sijafahamu lililotokea, mama yule alikuwa ameshaipasua ngozi kwa vidole, amemfuta kilebu pua na kinywa, na sasa anamsugua ndani ya taulo kavu, kichwa kikiwa chini kidogo, bila ya kusema neno, mpaka kile kitu cha kijivu kilichokuwa kimelegea kikapiga chafya, kikageuka rangi ya waridi mdomoni na tumboni, kikalia. Alimweka kwenye chuchu akanywe dang'a, maana kinga atakayokuwa nayo katika wiki zake za kwanza iko katika maziwa hayo ya siku ya mwanzo.

Kilebu huzaliwa na uzito wa gramu 400 hivi, kipofu na kiziwi, asiyeweza kujitia joto mwenyewe wala kujisaidia mpaka mama amrambe tumbo. Pembe ya sanduku huwekwa katika joto la digrii 30 au kupita kidogo, na pembe nyingine huachwa baridi, ili yule aliyepata joto la kutosha ajivute kando. Kila mmoja hufungwa uzi wa sufi wa rangi yake shingoni, na kila siku hupimwa na kuandikwa. Anatazamiwa kuwa na uzito maradufu kabla ya wiki ya pili haijasonga mbele, na asiyeongezeka kwa siku moja tu hutazamwa kwa jicho kali, kwa sababu katika umri ule kiumbe hudhoofika upesi sana. Kucha hukatwa ncha ili zisimchune mama matiti. Dawa ya minyoo huanza kutolewa wiki ya pili, maana minyoo ya duara huwavukia wangali tumboni mwa mama, na minyoo hiyo hiyo inaweza kumdhuru mtoto wa binadamu atakayekuja kucheza nao. Kazi hizi ni za kurudiarudia, hazina fahari yoyote, na asiyeziweza asiingie.

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio yakafuata siku chache baadaye, na ifikapo wiki ya tatu kilebu huingia katika kipindi ambacho ndicho roho ya fani hii. Huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, wataalamu wa Jackson Laboratory waliwalea vilebu katika kiwanja kikubwa chenye uzio mrefu, wakalishwa bila ya kumkaribia mtu, na makundi yao yakatolewa kwa zamu, katika umri mbalimbali, yakazoezwe watu kwa wiki moja. Matokeo yalitangazwa mwaka 1961: wale waliobaki kiwanjani mpaka wiki ya 14 bila ya kumjua binadamu walikuwa kama hayawani wa mwituni, na upole wa watu uliokuja baadaye haukuwarudishia kilichopotea. Mlango hufunguka kama wiki ya tatu, ukaanza kujifunga kama wiki ya 12, na wiki tano za mwanzo za muda huo zimo mikononi mwa mfugaji peke yake.

Ndiyo sababu sanduku liko jikoni. Sufuria zagongana, maji yachemka, redio yasoma habari, mlango wabamizwa na upepo, watoto wa jirani wapita kutoka shule, na vilebu wakua wakijua ya kuwa hayo yote ndiyo dunia. Chini yao hutandazwa leo zulia, kesho vigae, kesho kutwa nyasi zenye umande au changarawe, ili miguu yao isije ikaogopa ardhi ngeni. Hualikwa mzee mwenye mkongojo, mtu mwenye ndevu, mtu mwenye kofia pana. Kila mmoja huketi chini na kungoja afuatwe. Kila siku kilebu mmoja mmoja hutengwa na nduguze kwa dakika chache, akashikwa masikio, akafunuliwa midomo, akaguswa vidole vya miguu, kwa kuwa siku moja tabibu atamshika hivyo hivyo.

Kiasi ndicho kinachopambanua fundi na mwenye juhudi tu. Niliona sinia la bati likianguka sakafuni. Vilebu wote wakatawanyika, na mama yule hakumkimbilia hata mmoja. Alitazama. Wawili walirudi karibu mara ile ile kulinusa sinia, wengi wakafuata, na mmoja mwenye uzi wa kijani akabaki chini ya kiti. Hakumvuta wala hakumbembeleza; aliketi sakafuni karibu na sinia, akaweka juu yake vipande vya nyama, akaendelea kuzungumza nami kwa sauti ya kawaida, mpaka yule wa kijani akatoka kwa tumbo, akanyosha shingo, akala. Kisha akaandika daftarini, si kwamba aliogopa, maana kiumbe mzima huogopa, ila muda aliochukua kurudi. Wako wafugaji wanaosikia habari za kuwazoeza watu wakafungua nyumba kwa wageni kutwa nzima, vilebu wakapokezanwa bila ya kupata usingizi. Hao, kwa maoni yangu, wanajenga hofu ile ile wanayodhani wanaiondoa, na zaidi ya hayo wanakaribisha maradhi kabla ya chanjo.

Wala mfugaji si mwalimu wa pekee. Kulikizwa huanza taratibu baada ya wiki ya tatu, kwa uji wa nyama, na mama huanza kuwaondokea meno yao yanapomuuma. Katika kuumana wao kwa wao kila mmoja hujifunza nguvu ya taya lake: amng'ataye ndugu kupita kiasi humsikia akilia na mchezo ukakoma. Aliyeondolewa mapema hulikosa somo hilo, naye atalitafuta baadaye katika mikono ya watoto. Kwa hiyo hatolewi kilebu kabla ya wiki nane, hata mnunuzi akiongeza fedha.

Wiki ya nane ikitimia vilebu wameshapimwa moyo na tabibu, na wametiwa chini ya ngozi kidubwasha cha utambulisho ambacho sheria ya huko imekilazimisha tangu mwaka 2016. Mnunuzi hachagui; mama yule ndiye agawaye, kwa kuwa ndiye aliyewatazama. Yule wa kijani alikwenda kwa mume na mke wazee wenye nyumba tulivu na bustani, ilhali familia yenye watoto wanne ilipewa mmoja wa wale wawili waliolirudia sinia. Pamoja na kilebu hutolewa kipande cha blanketi chenye harufu ya mama, chakula cha siku za mwanzo, karatasi ya yote yaliyoandikwa tangu kuzaliwa, na mkataba wenye sharti ambalo halina muda: ikiwa mwenye mbwa atashindwa kumtunza, leo au baada ya miaka tisa, hatampa mtu wala hatamtupa, atamrudisha kwa mfugaji. Huwaeleza pia, kwa msisitizo ambao wengine huuona kuwa ni wa kuchosha, ya kuwa mlango haujafungwa na wiki nne zilizobaki ni zao.

Baada ya mwaka na zaidi, matokeo ya nyonga huanza kuja kutoka kwa wale waliokubali kuwapima mbwa wao, na mfugaji huyaandika chini ya jina la jike aliyewazaa. Alikuwa na jike aliyempenda kupita wote, mwenye hulka ya kupigiwa mfano na nyonga njema za kwake mwenyewe, ambaye watoto wake watatu wa uzao mmoja walirudisha alama mbaya. Alimkatisha uzazi. Mwaka ule hakuwa na kilebu hata mmoja wa kuuza, na wote waliokuwa katika orodha ya kungoja aliwaandikia barua, mmoja mmoja, akawaeleza sababu na kuwatajia alama zilivyokuwa.