Umeniamkia Lini?

Kila anayefika Moshi na kamera hupiga picha ile ile moja, na mimi ninayo. Niliipiga juu ya paa la ghorofa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kibo inatoka gizani, ubavu wake wa kulia umepata rangi ya waridi. Mawenzi bado ni nyeusi. Inabidi kuwahi, maana mara nyingi kufikia saa tatu mawingu yameshapanda kutoka msituni na mlima umefungwa. Niliiweka mtandaoni, nikaandika "Mlima umeamka", na marafiki wa Dar es Salaam wakanijibu kwa mioyo myekundu.

Mwaka huu nimeitazama tena picha ile, nikaona kwamba ndani yake hakuna mtu aliyeamka. Kumbe asubuhi ile walikuwapo wengi. Moshi inasifika kwa usafi, na usafi huo huanza kabla hapajapambazuka. Chini ya ghorofa wanawake wenye mafagio walikuwa wameshamaliza upande mmoja wa barabara. Daladala kutoka Uru na Kibosho zilikuwa zikishusha mikungu ya ndizi ya kupelekwa Mbuyuni. Niliwasikia wote. Niliinua lenzi kidogo ili wasionekane.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo sisi tunaopenda picha za alfajiri hatujiulizi sana. Tunaposema tumepiga picha ya kuamka, nani ameamka, na ameamka mbele ya nani?

Desturi ya kuutenga mlima huu na watu wake haikuanza na simu zetu. Mwaka 1930 rubani Mswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya Kibo na kuipiga picha kutoka angani. Nyingi ya picha zake zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH kule Zürich, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuziona. Ni nzuri mno. Shimo la kileleni linakutazama kama jicho lililofumbuliwa sasa hivi. Lakini mtu aliye ndani ya ndege hawezi kumsalimu yeyote. Vihamba, mifongo ya maji, moshi wa majiko unaopenya kwenye migomba, vyote ukiwa juu hugeuka kuwa kijani tu cha kuupamba mlima.

Nazipenda zaidi picha za Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler, waliopanda mwaka 1912. Walipiga ili wapime, na kazi yao ikazaa ramani ya sehemu za juu za mlima. Kwa ramani hiyo tunajua kwamba mwaka ule barafu ilienea kwenye kilomita za mraba zipatazo 12, na kwamba leo zaidi ya nne ya tano ya barafu ile imekwisha. Nao hawakuwaonyesha wafagiaji, ni kweli. Ila picha zao hazikudai kuwa zimeona asubuhi ya mtu. Zilisema zimeona barafu, na barafu waliiona kweli.

Picha zinazodai makubwa ni zile za kileleni. Anayepitia kambi ya Barafu, mita 4,673, huondoka karibu saa sita usiku ili jua limkute Stella Point au Uhuru, mita 5,895. Asubuhi mtandao hujaa watu waliosimama kando ya kibao wakiwa wameamka na dunia mpya. Wengi wao hawakulala. Mpishi aliyechemsha chai saa tano usiku hayumo kwenye picha. Wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, wamebaki na mahema. Mara nyingi hata mwongozaji hayumo, kwa kuwa simu amepewa yeye ashike. Picha ni ya mgeni, lakini jicho lililoitazama asubuhi ile ni la kijana wa Marangu au Machame, ambaye jina lake halitaandikwa chini yake.

Na huko njiani wamepita kwenye kitu kinachoamka kweli. Karibu na Barranco, kwenye mita zinazokaribia 4,000, huota mmea uitwao Lobelia deckenii. Jua likizama, majani yake hujifunga juu ya moyo wake. Maji yanayokaa kati ya majani huganda juu usiku, na ganda hilo la barafu hukinga chipukizi lililo chini. Jua likirudi, mmea hufunguka taratibu. Nilikaa kando ya mmoja mpaka ukafunguka wote, vidole vikiniuma kwa baridi. Picha zangu zote zilifanana na za kabichi. Lakini kukaa kule kulinifundisha kwamba kuamka huchukua muda, na anayetaka kukushuhudia lazima naye akae.

Somo hilo nilikuwa nimeshalipata kwa bibi yangu, na nilikuwa nimelikataa.

Bibi anaishi Uru. Mwaka juzi nililala kwake, na alfajiri nilipita mlangoni pa chumba chake nikakuta pako wazi. Mwanga wa dirishani ulimwangukia shavuni. Kitambaa kilikuwa kimemtoka kichwani, jicho moja limefumbuka nusu. Nilibonyeza mara tatu, nikarudi jikoni kwa kunyata. Nilijua pale pale kwamba sijawahi kupiga picha bora kuliko hiyo, na watu waliokuja kuiona mtandaoni walikubaliana nami. Mmoja aliniandikia kwamba ameona amani. Nilifurahi wiki nzima.

Jumapili moja baada ya ibada binamu yangu alimwonyesha bibi picha ile kwenye simu. Bibi aliishika mbali na macho, kisha akaisogeza karibu.

"Nani amekufa?"

Mlisha kamera wa harusi na misiba atakuelewesha. Kwetu mtu aliyelala chali hupigwa picha siku moja tu, siku ya kuagwa. Nikamwambia, "Ni wewe, bibi. Ulikuwa unaamka."

Akanirudishia simu. "Na wewe umeniamkia lini?"

Sikuwa na jibu. Hakuna mjukuu anayempita mkubwa asubuhi bila shikamoo, na mimi nilikuwa nimempita na kamera. Niliiondoa picha mtandaoni jioni ile.

Swali lake limenikaa kwa sababu Kiswahili chenyewe kinamuunga mkono. Kutoka kuamka tumepata kuamkia, na kutoka kuamkia tumepata maamkizi. Salamu, kwa lugha yetu, ni kuamka kwa ajili ya mwenzako. Hata usiku tunaupa heshima hiyo: tunasema usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, kana kwamba siku moja inaisalimu nyingine. Ukiamka peke yako umefumbua macho. Ukimwamkia mtu, na akakuitikia, ndipo wote wawili mmekuwa macho.

Rafiki yangu mmoja, mpiga picha wa mtaani, hakubaliani nami hata kidogo. Anasema ukiomba ruhusa umeua picha. Mtu akijua anatazamwa hujikaza, na unachopata ni uso wa kitambulisho. Hoja yake si ya kupuuzwa. Picha ya bibi kitandani ina mwanga ambao sitaupata tena, na lazima nikiri kwamba bado ninayo kwenye diski. Nimeshindwa kuifuta. Ila nikiitazama sasa simuoni bibi akiamka. Naona mahali niliposimama mimi, mlangoni, nikiwa nimeamka zamani, mbele ya mtu ambaye hajajua kwamba yuko mbele ya mtu.

Jibu bora kwa hoja ya rafiki yangu nimelipata kwa Mwingereza Nick Brandt. Kwenye kitabu chake cha kwanza, On This Earth, cha mwaka 2005, aliwapiga wanyama wa Afrika Mashariki kwa rangi nyeusi na nyeupe, bila lenzi ya kuvuta kutoka mbali. Kazi yake kubwa ilikuwa kusogea na kusubiri. Kwa hiyo tembo na simba wake wana sura ya waliokaa ili wapigwe picha. Mwaka 2021 akatoa The Day May Break, kazi aliyoifanya Kenya na Zimbabwe. Kwa Kiingereza neno la mwisho la jina hilo linabeba mawili: siku huenda ikapambazuka, au ikavunjika. Humo watu walioharibiwa maisha na ukame au mafuriko wamekaa katika fremu moja na wanyama waliookolewa. Ukungu uliowazunguka umetengenezwa kwa mashine. Hakuna aliyeviziwa. Lakini picha nyingi zinabeba jina la mtu na jina la mnyama, kama watu wawili waliojulishana. Unaweza kulalamika kwamba zimepangwa mno, na zingine nami naziona hivyo, hasa ukungu unapofanya huzuni iwe rahisi kupita kiasi. Hata hivyo nyuso zile zinakurudishia macho. Zilijua utakuja.

Bibi naye aliniita nirudi. Nilifika Uru jua bado halijachomoza, kamera begani. Akaniambia nisubiri, ana ng'ombe wa kukamua na majani ya kukata. Aliponiita ilikuwa saa tatu, mawingu yameshakula mlima wote, mwanga umekuwa mkali na mbaya. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, kitambaa kimefungwa vizuri, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya migomba.

"Haya," akasema. "Anza."

"Shikamoo, bibi."

Nilibonyeza kabla hajamaliza kuniitikia. Kwenye picha hiyo hakuna Kibo. Nusu ya uso wake imo kivulini, nyuma yake kuna ndoo ya maziwa ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Amenitazama moja kwa moja, bila tabasamu, na mdomo wake uko wazi kidogo. Hiyo ndiyo a ya mwisho ya marahaba.