Moyo na Mazoea: Usawiri wa Imani ya Kikristo katika Riwaya Mbili za Ziwa Viktoria

Uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki umezoea kuigawa dini ya Kikristo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni imani ya moyoni, ambayo husifiwa. La pili ni dini ya mazoea, yaani rozari, majina ya ubatizo, sare za vyama na mahudhurio ya ibada, ambayo hukejeliwa. Mgawanyo huu una manufaa yake pale mhakiki anaposhughulikia mhusika kama Joshua katika *The River Between* (1965) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mhubiri anayemkana bintiye kwa ajili ya sheria. Makala haya, hata hivyo, yanashikilia kwamba mgawanyo huo ni mwembamba mno kwa riwaya zinazohusu watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Mtunzi wa riwaya ya kihalisia hana dirisha la kuchungulia moyo wa muumini ila matendo yake, na matendo yanayorudiwa ndiyo hayo hayo yanayoitwa mazoea. Namna watunzi wawili, Margaret Ogola na Euphrase Kezilahabi, walivyokabiliana na ugumu huo ndiyo inayochunguzwa hapa.

Kabla ya kuzitazama riwaya zenyewe, inafaa kukumbuka mazingira ya wasomaji wake. Masara ni sehemu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu katika kaunti ya Migori, kusini mwa Nyanza. Katika eneo hili zima, mpaka jirani Homa Bay, Ukristo uliingia ukiwa na alama za nje zinazoonekana kwa macho. Waadventista Wasabato walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na tangu hapo siku ya mapumziko ikawa kitambulisho: huyu ni wa Jumamosi, yule ni wa Jumapili. Wajaluo waliwaita Wakristo wa mwanzo *jonanga*, watu wa nguo. Jina hilo linabeba kejeli kidogo, lakini linabeba pia ukweli kwamba aliyebadili moyo alitarajiwa kubadili vazi.

Mifano miwili ya kihistoria inaonyesha jinsi mpaka kati ya moyo na mazoea ulivyo mgumu kuuchora. Wa kwanza ni ule wa Waanglikana wa Nyanza. Uamsho uliotoka Rwanda kupitia Uganda katika miaka ya 1930 ulidai toba ya kweli na ungamo la hadharani, ukiwashutumu Wakristo wa jina tu. Mgogoro uliozuka kati ya watu wa uamsho na wapinzani wao ulifikia kilele mwaka 1957, Matthew Ajuoga na wenzake walipojitenga na kuunda kanisa lao. Hao ndio Johera, watu wa upendo. Lawama zilikwenda pande zote mbili. Ushuhuda wa walookoka, uliokusudiwa kuvunja desturi, ulikuwa umepata mpangilio wake, maneno yake na hata mahali pake maalumu pa kutolea machozi. Kilichoanza kama mlipuko wa moyo kikawa na kanuni za utanzu.

Mfano wa pili uko Migori kwenyewe. Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, lina kitovu chake kitakatifu Got Kwer. Wakati Wakatoliki, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani (1962–65), walipokuwa wakiacha Kilatini na kushika lugha za wenyeji, Walegio walikishikilia, pamoja na kanzu na rozari. Mtazamaji wa harakaharaka ataona hapo mazoea matupu. Lakini mtu aliyefika Got Kwer kutafuta uponyaji hakufuata kanuni za liturujia. Alifuata tumaini, na kanzu ilikuwa ndiyo lugha ya tumaini hilo. (Ni jambo la kusikitisha kwamba wahakiki wetu huyaachia masuala haya wanaanthropolojia, ilhali yanahusu moja kwa moja ishara na maana, ambayo ndiyo kazi yetu.)

Ni katika mazingira kama hayo ambamo wanafunzi wa sekondari wa Nyanza walikisoma kitabu teule *The River and the Source* (1994), riwaya ya Ogola iliyopata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1995. Riwaya inafuata vizazi kadhaa vya ukoo mmoja wa Kijaluo, kuanzia kwa Akoko. Kwa hoja ya makala haya, jambo la msingi ni kwamba Akoko anajengwa kuwa mtu mnyofu kabla hajalisikia jina la Kristo. Anaishika *chik*, sheria ya jadi, kwa moyo wake wote, na anapodhulumiwa na shemejiye baada ya kufiwa na mumewe na wanawe, anasafiri hadi Kisumu kudai haki. Hana unafiki wa kuponywa. Basi anapofika misheni ya Aluor na kupewa jina Veronica, msomaji makini ana haki ya kuuliza ubatizo umebadilisha nini ndani yake.

Ogola halijibu swali hilo waziwazi, na hapo pana ubora wa sura hizo. Akoko anaingia katika utaratibu mpya kama alivyoishi katika ule wa zamani: kwa utiifu usio na kelele. Mtunzi anadokeza kwamba *chik* na katekisimu, kwa mwanamke wa aina hii, ni vyombo viwili vya uaminifu mmoja. Kwa mhakiki aliyezoea kuona mila na misheni zikipigana vita katika kila riwaya ya Kiafrika, dokezo hili ni zito kuliko linavyoonekana.

Kwa Nyabera, bintiye, mambo ni tofauti. Huyu ndiye mhusika aliyesukwa kwa ustadi zaidi katika riwaya nzima. Amezika watoto, amefiwa na mume, amerithiwa na mwanamume asiyemfaa. Ndiye anayeipeleka familia Aluor, naye anakuwa Maria. Lakini baadaye hamu ya kupata mtoto inamtoa misheni na kumrudisha katika ndoa ile ile ya kurithiwa. Msomaji wa mgawanyo uliotajwa hapo mwanzo atashindwa mahali hapa. Je, sala za Nyabera zilikuwa mazoea matupu, kwa kuwa moyo wake ulikuwa kwingine? Au moyo huo unaotamani mtoto ndio uliokuwa ukisali? Msimulizi haharakishi kumhukumu. Nyabera anarudi misheni kwa miguu yake mwenyewe, na utaratibu wa Aluor unampokea. Utaratibu ule ulimsubiri wakati moyo wake ulipokuwa hauwezi kusubiri chochote. Kama sala za kila siku zingekuwa tu maonyesho ya hisia, zingekufa siku hisia zilipokufa.

Ustadi huo haudumu. Katika kizazi cha wajukuu, Vera anapojiunga na Opus Dei, jumuiya ambayo mtunzi mwenyewe alikuwa mwanachama wake, msimulizi maizi anaingia moyoni mwa mhusika na kututangazia kilichomo. Imani ya Vera ni safi, na usafi huo unaelezwa kuliko unavyotendeka. Dada yake pacha Becky, anayefuata anasa na kufa kwa Ukimwi, anatumika kama kivuli cha kuufanya mwanga wa Vera uonekane. Mpangilio huu wa nuru na giza unaupunguza uzito wa Vera, kwa kuwa mtu asiyejaribiwa mbele ya macho ya msomaji hawezi kuaminika kwa ushuhuda wa msimulizi peke yake. Inawezekana Ogola aliipenda mno imani hii hata asiweze kuipa adui wa kweli. Alichomfanyia Nyabera hakumfanyia Vera.

Ng'ambo ya kusini ya ziwa hilo hilo, kisiwani Ukerewe, Kezilahabi alikuwa amelikabili tatizo kwa njia nyingine katika *Rosa Mistika* (1971). Jina la riwaya limetoka katika litania ya Bikira Maria, na shule anayopelekwa Rosa inaendeshwa na masista. Alama za nje ziko kila mahali. Zakaria, baba mlevi, anamchapa binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na malezi hayo ya woga yanamfikisha Rosa chuoni akiwa hana kinga yoyote. Riwaya ilizuiwa shuleni kwa muda, kwa sababu ya uwazi wake kuhusu mapenzi. Kosa lake kubwa zaidi, pengine, lilikuwa kuonyesha kwamba sheria inayolindwa kwa kiboko haimlindi mtu.

Wahakiki wengi wamelalamikia mwisho wake, ambapo baba na binti, wote wakiwa wamekwisha kufa, wanashtakiana mbele ya Mungu. Inadaiwa kwamba uhalisia uliojengwa kwa sura nyingi unabomolewa kwa tukio moja la kubuni mno. Dai hilo linapuuza hitaji la kisanaa lililomsukuma mtunzi. Mpaka Rosa anapojiua, hakuna mhusika yeyote, si Charles, si walimu, si wazazi, aliyewahi kuuona moyo wake. Wote waliona bikira au asiye bikira. Msimulizi wa kihalisia naye alikuwa amefika mwisho wa uwezo wake. Kezilahabi, aliyesomea seminari, alijua ni nani peke yake anayedaiwa na mapokeo ya Kikristo kuijua mioyo, akamleta jukwaani kwa sababu hapakuwa na shahidi mwingine wa kuitwa.

Kando ya mashtaka hayo yuko Regina, mama yake Rosa, anayesali, anayepigwa na anayenyamaza. Uhakiki umempitia haraka kama kielelezo cha mwanamke aliyedhulumiwa, na bila shaka ndivyo alivyo. Lakini ni yeye ambaye Kezilahabi hakuthubutu kumkejeli kwa sala zake, wala hakutuambia zilikuwa na nini ndani.