Ngoma Isiyokanzwa

Tarehe 13 Julai 1973 kampuni ya EMI iliingiza sokoni Uingereza santuri ya bendi ambayo karibu hakuna aliyekuwa akiisubiri. Bendi iliitwa Queen, na santuri nayo ikapewa jina hilohilo. Mwimbaji wake alikuwa kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja. Wazazi wake, Waparsi waliotoka India, walimwita Farrokh Bulsara. Alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi, The Hectics. Akarudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Kufikia santuri hiyo alikuwa ameshajiita Freddie Mercury.

Huku kwetu Nachingwea, kusini mwa Tanzania, mwaka huo ulikuwa na mambo yake. FRELIMO walikuwa wakifundisha wapiganaji wao hapa, Msumbiji ikiwa bado mikononi mwa Wareno, na mwenye redio alisikiliza Redio Tanzania. Rock ya London ingepitia wapi hadi ifike huku Kiegei, kijijini? Hata Dar es Salaam kwenyewe, muziki wa soul ulikuwa umepigwa marufuku tangu Novemba 1969. Albamu hii basi imetufikia kwenye simu, nusu karne baadaye. Sioni hasara. Huku wapo wazee ambao jina la Freddie Mercury haliwaambii kitu, na kazi ya kwanza ya msanii inastahili masikio ya namna hiyo, yasiyojua mwimbaji atakuja kuwa nani.

Niliipiga kwa spika ndogo ghalani, msimu wa korosho, watu wakisubiri zamu ya mizani. Vijana walichoka mapema. Wamezoea singeli, mdundo unaoanza na kwenda mpaka mwisho bila kumsubiri mtu, na hizi nyimbo hazitulii. "Great King Rat" inakimbia, inasimama, inageuka, inakimbia tena. "Kila tukiishika inatuponyoka," mmoja akalalamika, na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli. Mama mmoja aliyeketi juu ya gunia akauliza hiyo kwaya ni ya wapi. Mzee mmoja, aliyepiga ngoma za jando tangu ujana wake, alisikiliza wimbo mzima macho kafumba, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyu anayeimba anajua. Lakini ngoma hii haikukanzwa."

Ngoma ya kuwambwa haipigwi ikiwa baridi. Huwashwa moto wa majani makavu pembeni ya uwanja, ngozi ikaelekezwa kwenye joto, mpigaji akaigonga kwa vidole na kuisikiliza, akairudisha, akaigonga tena, mpaka itoe mlio. Isiyokanzwa hutoa sauti ya kufumbwa, kama mtu anayesema huku kafunika mdomo. Ndicho alichokisikia mzee, na ndicho wanabendi wenyewe walichokilalamikia. Ngoma za Roger Taylor zilirekodiwa katika studio ya Trident, London, ndani ya kijumba kilichozibwa mwangwi wote, kwa mtindo wa siku zile. Taylor na mpiga gitaa Brian May hawakuupenda mlio ule hata kidogo. Oktoba 2024 albamu ilitoka upya kwa jina la Queen I, ikiwa imechanganywa upya kutoka kwenye kanda za awali, ngoma zikapewa mlio wake. Mzee wetu hakusoma hayo popote.

Mimi nakaa na swali la yule mama. Kwaya ya wapi? Hakuna kwaya. Ni watu watatu: Mercury, May na Taylor. Waliimba pamoja, wakarudisha kanda nyuma, wakaimba tena juu ya sauti zao wenyewe, na tena, wakipanda ngazi na kushuka, mpaka watatu wakawa umati. Kanda ya siku zile ilikuwa na njia 16 tu za kurekodi kila kitu, magitaa na ngoma vikiwemo. Na kazi hii waliifanya kwa saa za kuokoteza, mara nyingi usiku, baada ya wateja wanaolipa kuondoka studio. Kwenye ngoma zetu mwimbishaji hutupa neno na uwanja mzima ukaitikia. Mercury alikuwa mwimbishaji asiye na uwanja, akaamua kuwa waitikiaji wake mwenyewe. Ufundi huo umejaa katika "My Fairy King", wimbo alioutunga yeye: piano inamfuata, sauti za juu zinapasuka, kisha kundi zima la sauti linamlaki kwa mpigo mmoja. Walijivunia kazi ya mikono na makoo yao kiasi cha kuandika kwenye jalada kwamba hakuna aliyepiga sinthesaiza.

Wasikilizaji wa kwanza hawakuipokea albamu kwa shangwe. Wimbo uliotangulizwa, "Keep Yourself Alive", haukuingia chati za Uingereza. Jarida la Rolling Stone la Marekani liliisifu albamu. Nyumbani kwao wengi waliipita tu. Linganisha na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja hiyohiyo: alikwenda Bombay mwaka 1928 kuinasa sauti yake kwa HMV, na santuri zake zikarudi zikagombewa pwani nzima. Mercury alingoja. Albamu yake ya kwanza iliingia chati za Uingereza mwaka 1974, baada ya ile ya pili kuwafanya watu waulize kulikuwa na nini kabla yake, na ikafika nafasi ya 24.

Kwangu mimi si albamu yao bora. Ina nyimbo zinazotaka kusema kila kitu kwa mara moja, ugonjwa wa kazi za kwanza, na vijana wale wa ghalani waliusikia mapema kuliko mimi. Lakini kwa upangaji wa sauti, fundi alikuwa ameshakamilika. Ukiitafuta, anza na wimbo wa nne, upande wa kwanza, katika toleo la 1973. La 2024, lenye ngoma zilizokanzwa, lisikilize baadaye.