Sungura wa Marekani na Wenye Hadithi

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe hakuna haja ya kumweleza mtu Sungura ni nani. Mtoto humjua kabla hajajua kusoma: mnyama mdogo awashindaye wakubwa kwa akili. Huko Marekani naye yuko, tena ana sifa kubwa, kwa sababu ya kitabu cha Uncle Remus, yaani Mjomba Remus, kilichotolewa mwaka 1880 na Joel Chandler Harris, mwandishi wa gazeti mjini Atlanta. Kilipendwa mno, na wakubwa kwa wadogo. Lakini kupendwa kwa kitabu si ushahidi kwamba hakina kasoro; basi natukipime.

Kwanza tutaje uzuri wake. Harris hakuzibuni hadithi hizi. Tangu mwaka 1862, akiwa kijana, alijifunza kazi ya kupiga chapa katika shamba moja la Georgia, na huko alizisikia kwa watumwa, watu wa asili ya Afrika. Ijulikanayo kuliko zote ni ile ya Mbweha kuunda sanamu ya lami. Sungura aisalimu, haimjibu. Akasirika, aipiga, anaswa. Kiburi ndicho kilichomfunga. Kisha amsihi Mbweha amfanye lolote, ila asimtupe miibani. Mbweha amtupa huko huko, naye Sungura aenda zake, maana miibani ndiko kwao. Akili yamtoa pale kiburi kilipomtia. Hadithi iliyojengeka hivi haihitaji mapambo.

Sasa kasoro. Harris aliziweka hadithi kinywani mwa mzee aliyembuni, Remus, aliyekuwa mtumwa, ambaye amsimulia mtoto wa Kizungu kana kwamba siku za utumwa zilikuwa njema. Lakini katika dibaji Harris mwenyewe aeleza kwamba si ajabu mtumwa kumchagua mnyama dhaifu awe shujaa wake. Basi alijua! Dibaji yasema hili, na msimulizi asema lile. Aliyemtunga Sungura mshindi hakuwa mtu aliyeridhika na minyororo. Tena usemi wa Remus umeandikwa kwa tahajia ya kupotoka, hata msomaji aucheka ulimi kabla ya kuisikia hekima. Alice Walker, mwandishi mweusi wa Eatonton, mji mmoja na Harris, alilalamika kwamba Harris alimwibia sehemu ya urithi wake. Twaona ana haki. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nao waundaji hawakuandikwa juu ya jalada.

Jambo hili latugusa sisi. Wazigua waliochukuliwa utumwani Somalia katika karne ya 19 waliihifadhi lugha yao. Baada ya vita kuanza huko mwaka 1991, baadhi ya wazao wao walirudi Handeni, wakakaa Mkuyu, kisha Chogo tangu mwaka 2003. Wengine walipokewa Marekani. Hivyo Kizigua nacho kimevuka bahari, na safari hii wenyewe wajua kuandika.

Basi walimu na wazazi, tuandikapo hadithi aliyotusimulia bibi, tuandike na jina la bibi, na kijiji chake, na mwaka, na maneno yake kama alivyoyasema. Tusimbuni Remus mwingine wa kusema mahali pake.