Kibebeo au Mpagazi? Uhakiki wa Istilahi za Dawa za Saratani kwa Msomaji wa Shinyanga na Geita

Dhahabu ya Geita inafahamika kote nchini. Gundi ya migunga ya nyanda kame kama za Shinyanga haijapata sifa hiyo. Maabarani vitu hivi viwili vimekutana. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, chembe ndogo mno za dhahabu-198 zilivishwa gundi ya mgunga na kudungwa katika uvimbe wa saratani ya tezi dume uliopandikizwa kwa panya. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 82 ukilinganishwa na wa panya wasiotibiwa. Mfasiri wa habari hii atavutwa haraka na istilahi mbili, “kibebeo” na “dawa lengwa”. Zote zina kasoro.

“Kibebeo” kimo katika ngeli ya KI-VI, hivyo msomaji huona kikapu kilichotulia. Kumbe gundi hiyo, ambayo ni polima asilia ya sukari na protini, huzishika chembe za dhahabu zisigandamane. “Mpagazi” lingefaa zaidi. Wanyamwezi na Wasukuma waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo katika karne ya 19 waliitwa hivyo, na kila msafara ulijua kuwa mpagazi huweza kuugua, au kutua mzigo porini akatoroka. Polima nayo huweza kuachia dawa ndani ya damu kabla ya kufika, au kunaswa na ini. Ni kweli kwamba ngeli ya A-WA huipa molekuli nia ambayo haina. Hiyo ni gharama ndogo.

“Lengwa” ndilo lenye madhara. Kisarufi ni umbo la kutendwa: vijijini walengwa wa TASAF ni wanaopokea, si wanaotoa. “Dawa lengwa” basi ni dawa iliyolengwa, ilhali kinacholengwa ni uvimbe. Isitoshe, katika jaribio la panya gundi haikutafuta uvimbe. Mkono wenye sindano ndio uliolenga. Mgonjwa wa Geita aliyepewa rufaa ya Bugando, Mwanza, akiambiwa dawa yake ni lengwa, ana sababu ya kuamini kwamba haitagusa kiungo kingine. Vidonda vya mdomo vikitokea, atadhani amepewa dawa isiyo yake, na huenda asirudi kwa mzunguko unaofuata. “Dawa inayokusudiwa kufika zaidi kwenye uvimbe” ni ndefu mno kwa kidahizo cha kamusi, lakini muuguzi anaweza kuitamka wodini, na neno “zaidi” ndilo lisilopaswa kukatwa.